Andika Ulichokiona

Sifa saba za viumbe hai tulizikariri kabla hatujakiangalia kiumbe chochote kwa makini: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kujilisha na kutoa takamwili. Na mtihani haukukosa swali la gari. Gari linakwenda, linakunywa mafuta, linatoa moshi. Kwa nini si kiumbe hai? Unajibu kwamba halikui wala halizai, unapata alama zako. Kwa jibu hilo bibi yangu, aliyekwisha kuacha kukua na kuzaa, naye angekuwa mashakani, lakini hakuna aliyenyoosha kidole kuuliza.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeifanyia kazi ya maabara Kanda ya Ziwa, na sasa nafundisha vijana wanaoingia kwenye kazi hiyo. Ukiivua majina yake makubwa, ni kazi ya kutazama kitu kidogo na kusema kama kipo, ni cha aina gani, na je, kiko hai. Maswali mawili ya kwanza hadubini huyajibu vizuri. La tatu ndilo limenisumbua miaka yote.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa na hadubini moja, ya kioo cha kuakisi mwanga chini yake. Haikuhitaji umeme, jua lilitosha. Siku ya mawingu ilishinda kabatini. Mwalimu wetu wa baiolojia alichota maji ya lambo kwenye chupa, akatia nyasi kavu, akaiacha dirishani mpaka maji yakaanza kunuka. Kisha akachora ubaoni jedwali la sifa saba lenye safu mbili, "Nimeona" na "Nimeambiwa". Sharti lake lilikuwa moja: andika ulichokiona, si unachokijua.

Tukapanga foleni. Wa kwanza waliona kope zao wenyewe na kuzisifia. Jicho lilipozoea tukawapata paramesia, viumbe wa seli moja, wakienda huku wanajizungusha. Mmoja akigonga unyuzi wa nyasi alirudi nyuma, akageuka kidogo, akajaribu upande mwingine. Kujongea na kuhisi tukaziandika chini ya "Nimeona". Mwalimu alikuwa ametia kwenye tone hamira iliyopakwa rangi nyekundu, na baada ya muda tukaona viduara vyekundu vimekusanyika ndani ya mwili wa kiumbe: kujilisha. Palikuwa pia na kijifuko kinachojaa na kujikamua, kinajaa na kujikamua, kikitoa maji ya ziada. Darasa likagawanyika kama maji nayo ni takamwili, mwalimu akatuacha tubishane. Kupumua hakuna aliyekuona. Kundi la mwisho lilipata paramesia mwenye kiuno chembamba katikati, likaapa kwamba anagawanyika wawili. "Ngojeni muone," mwalimu akasema. Kengele ikalia kabla kiuno hakijakatika, na kundi zima likalazimika kuandika "Nimeambiwa".

Tulimwona mtu mgumu. Baadaye, niliposoma habari za Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, nilimwelewa. Mwaka 1827 Brown alikuwa akitazama chavua ndani ya maji, akaona chembe ndogo zilizotoka humo zikitikisika bila kukoma. Chavua ni sehemu ya uzazi wa mmea; ingekuwa rahisi kutangaza kwamba ameuona uhai wenyewe ukihangaika. Yeye akachukua mimea iliyokaushwa miaka mingi, chembe zake zikatikisika. Akasaga kioo, akasaga mawe, hata kipande kidogo cha sanamu ya Sphinx ya Misri. Unga wote ukatikisika vilevile, na kioo hakijawahi kuishi. Maelezo kamili yalikuja mwaka 1905, Albert Einstein alipoonyesha kwamba molekuli za maji, tusizoziona, ndizo zinazozigonga chembe hizo kutoka kila upande.

Wanafunzi wangu hukutana na mtikisiko huo na kuniita mbio kwamba bakteria wao wanaogelea. Nawaambia wachague mmoja wamfuate kwa jicho. Anayeogelea hufika mahali. Anayetikiswa utamkuta karibu na pale ulipomwacha.

Hata hivyo mwendo huohuo umewahi kutoa ushahidi ambao kitu kingine kisingeutoa. Tarehe 6 Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mwenye malaria, haijatiwa rangi yoyote. Madoa meusi katika damu za wagonjwa wa aina hiyo yalikuwa yameonwa na wengine kabla yake, wakayahesabu kuwa uchafu tu wa ugonjwa. Laveran aliona nyuzi nyembamba zikichomoza kwenye ukingo wa kiduara chenye madoa hayo, zikichapa kwa nguvu mpaka zinazisukuma chembe nyekundu za jirani. Akakata shauri hapohapo kwamba ni kiumbe hai. Leo tunajua aliziona mbegu za kiume za kimelea zikitoka, jambo ambalo kwa kawaida hutokea tumboni mwa mbu; damu ilikuwa imepoa juu ya kioo, kimelea kikadhani kimeshanyonywa. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel. Mimi humtumia darasani kwa sababu nyingine: lau angeikausha damu ile na kuipaka rangi, kama tunavyofanya sisi kila siku, asingeona hata uzi mmoja ukichapa.

Maana chuoni tulifundishwa kuua, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Seli nyingi ni angavu, mwanga unazipita bila kuacha alama, kwa hiyo ili uone umbo lazima utie rangi, na rangi huja baada ya kukausha, au moto, au spiriti. Tone la damu tunalitandaza, linakauka, tunalimwagia rangi ya Giemsa, iliyoitwa kwa jina la Gustav Giemsa aliyeitengeneza Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20. Makohozi tunayapitisha juu ya moto, tunayapaka rangi nyekundu, kisha tunayaosha kwa asidi. Vijidudu vya kifua kikuu hugoma kuiachia rangi, vingine huiachia. Ni biashara ya haki: unauza mwendo, unanunua umbo.

Na maiti husema mengi ukiwa na subira. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita saba hadi nane, na ndani yake kimelea cha malaria kichanga huonekana kama pete ya buluu yenye nukta nyekundu. Kabla ya kuandika kwamba damu haina vimelea unatakiwa upitie angalau maeneo 100 ya tone nene kwa lenzi ya mafuta, na wakiwepo unawahesabu sambamba na chembe nyeupe 200. Zamani tulijumlisha kwa misalaba, msalaba mmoja hadi minne, na wagonjwa waliielewa lugha hiyo kuliko tarakimu: "Nina malaria nne." Kazi inachosha shingo. Lakini ukizipitia slaidi nyingi unaanza kuyasoma maisha katika picha zisizotikisika. Pete changa hii, ile imenenepa: wamekua. Huyu amejigawa ndani mara nyingi, anasubiri kupasua chembe: wanazaliana, na kwa *Plasmodium falciparum* mzunguko huo ndani ya damu ni wa saa 48 hivi. Na yale madoa meusi ya Laveran ni mabaki ya chakula, kile kinachobaki kimelea kikishaila hemoglobini na kuifungia sumu yake. Kujilisha na kutoa taka, vyote katika doa moja jeusi. Mwalimu wetu pengine angebisha kwamba hilo ni la safu ya "Nimeambiwa", ila ningemshinda.

Jambo moja maiti haisemi ni saa. Slaidi inakueleza kwamba kiumbe huyu aliwahi kula, aliwahi kukua. Kama leo asubuhi mwilini mwa mgonjwa ndugu zake wazima au wamekwisha, hapo ni kukisia. Vimelea vya umbo la ndizi, vile vinavyosubiri mbu, vinaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumeza dawa yake yote na homa kwisha. Nimeona watu wakiongezewa dozi kwa sababu yake. Vipimo vya haraka navyo havijatuokoa, kwa kuwa kile cha kawaida kinanusa protini ambayo kimelea kimeiacha kwenye damu, na protini hiyo hukaa wiki kadhaa baada ya mwenyewe kufa.

Mgonjwa wa kifua kikuu ndiye aliyeliweka swali hili vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Alikuwa mzee, mvuvi, na makohozi yake ya kupima maendeleo ya dawa yalikuwa bado na vijiti vyekundu vichache. Alishika kadi yake, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Binti yangu, dawa nimemeza, sikuruka hata siku moja. Mbona kioo chako bado kinawaona?"

"Kioo kinaona wapo, mzee. Hakijui kama wazima."

"Sasa nani anajua?"

"Tunawapanda. Wakiota, wazima."

"Kama mahindi."

"Kama mahindi, ila hawa hawana haraka."

Kijidudu cha kifua kikuu kilichokufa hushika rangi nyekundu sawasawa na kilicho hai. Nta ya ukuta wake ndiyo inayoishika, na nta haifi siku mwenyewe akifa. Mashine za kisasa zinazosoma vinasaba, ambazo zimetufaa sana tangu Shirika la Afya Duniani lizipitishe mwaka 2010, nazo husoma vinasaba vya wafu. Kwa hiyo makohozi ya mzee yalitumwa kwenye maabara kubwa yakaoteshwe. Bakteria wa tumboni, *E. coli*, akipata chakula na joto hugawanyika kila dakika 20 hivi; huyu wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Ndiyo maana chupa inapewa hadi wiki 8 kabla ya kuandikwa kwamba hakikuota kitu. Hakikuota kitu. Jibu lilipofika mzee alikuwa ameshanenepa na kurudi ziwani, hakulihitaji tena. Daktari alilihitaji. Nami pia.

Sifa zile saba zote, nikazitazama upya, zinadai muda. Hakuna hata moja unayoweza kuiona kwa kupepesa jicho mara moja. Huwezi kumwona mtu akikua. Unamwona leo, unamwona mwakani, unalinganisha. Hadubini inakuza ukubwa, haikuzi muda, na muda ndio unaokosekana maabara yenye foleni.

Mahali pekee ambapo nimeuona uhai mchana kweupe, bila kukisia, ni kwenye mkojo wa watoto. Huku kwetu, mbali kidogo na ziwa, kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng'ombe, kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa wavulana kiasi kwamba zamani damu kwenye mkojo ilichukuliwa na wengine kuwa dalili ya kubalehe. Yai la minyoo ya kichocho hicho ni kubwa kwa vipimo vyetu, urefu wa karibu sehemu 15 za mia za milimita, lenye mwiba mdogo nchani. Sisi tunachuja mkojo, tunahesabu mayai, basi. Ila ukipunguza mwanga na kutulia juu ya yai moja utaona ndani yake kiluwiluwi kilichokunjamana, na katika mwili wa kiluwiluwi hicho vijinywele vinavyopepea haraka sana. Ni seli za kusukuma takamwili. Zikipepea, yai ni zima. Zikisimama, limekufa, na baada ya matibabu mayai mafu huendelea kutoka kwa muda, kwa hiyo tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtoto aliyekwisha kumeza dawa.

Mwaka mmoja tulikwenda kupima watoto wa shule, na wazazi hawakuamini kwamba kuoga lamboni kuna ubaya wowote. Maji ni maji. Mwenzangu mmoja mwenye akili kuliko sisi wengine alichukua mkojo wa asubuhi hiyo, akauacha utulie, akamwaga wa juu, na kwenye masimbi akatia maji safi yasiyo na dawa. Mayai hayaanguliki ndani ya mkojo kwa sababu ya chumvi. Yakikutana na maji baridi yasiyo chumvi ganda hupasuka. Akaiweka chupa juani, ameifunika karatasi nyeusi hadi shingoni. Hatukungoja sana. Vijidoa vyeupe vikaanza kupanda kwenye shingo ya chupa, palipo na mwanga, vikizunguka kwa kasi, na kwa jicho kali unaviona hata bila hadubini. Tukavipitisha kwenye kioo, mzazi mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alitazama kwa muda mrefu, akainua kichwa, akauliza wanatafuta nini. Konokono, tukamwambia. Wana kama siku moja tu ya kumpata konokono wa aina yao, wasipompata wanakufa, kwa kuwa hawali kabisa. Wanaishi kwa akiba waliyotoka nayo kwenye yai.

Yule mama hakuhitaji hotuba ya pili. Mimi ndiye niliyebaki na kazi, kwa sababu kiluwiluwi hakijilishi, hakikui, na katika umbo hilo hakizai. Ukiweka jedwali la mwalimu wangu mbele yake, kinapata nne kwa saba. Gari halikuwa mbali sana na hapo. Na bado hakuna mtu katika umati ule, hata watoto, aliyekuwa na shaka kwamba kitu kile kiko hai.

Wanafunzi wangu nawapa zoezi gumu zaidi ya hilo, nililoliiba kwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyejisagia lenzi zake mwenyewe na mwaka 1676 akawaandikia wasomi wa London kuhusu vijidudu vidogo mno ambavyo leo tunaviita bakteria. Mwaka 1702 alieleza jinsi alivyochukua vumbi kavu la kwenye gata la paa, akalitia maji, na ndani ya saa moja hivi akaona rotifa wakitembea humo. Ni vinyama vyenye vijinywele mdomoni vinavyopepea mpaka vikaonekana kama magurudumu yanayozunguka. Nasi tuna magata, na tuna kiangazi kirefu. Vijana huleta vumbi la gata, hulitazama likiwa kavu, hujaza jedwali. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Halafu wanatia tone la maji wanakwenda kula. Wakirudi kuna kelele maabara nzima. Mmoja alitaka kufuta majibu yake ya kwanza, nikamkataza. Hakuna lililokuwa si kweli pale: alichokiona kavu hakikuwa kinakula, kujongea wala kukua.

Kuna wanaodhani jawabu ni hadubini yenye nguvu zaidi. Nami niliwahi kuitamani ile ya elektroni, iliyoanza Berlin mwaka 1931 kwa kazi ya Ernst Ruska na Max Knoll, mpaka nilipoelewa inavyofanya kazi. Ndani yake lazima hewa iondolewe yote, kwa kawaida kielelezo kinakaushwa au kukatwa vipande vyembamba mno, kinatiwa metali nzito. Inaonyesha yale ambayo mwanga hauwezi, maana mwanga wa kawaida unaishia kwenye sehemu mbili za kumi za maikromita, kikomo alichokieleza Ernst Abbe mwaka 1873. Lakini kila hatua ya kukuza inatupeleka mbali zaidi na kiumbe anayehangaika na mambo yake.

Jirani yangu hakuyajua hayo alipokuja na jani la muhogo lenye mabaka ya njano, limejikunja upande. "Dada, wewe si una hadubini? Nipimie." Nililiweka chini ya lenzi ili asione nimemdharau. Nikaona seli za jani, nikaona kijani kimepungua penye mabaka, basi. Ugonjwa ule ni batobato, uliotajwa kwa mara ya kwanza na Wajerumani katika milima ya Usambara mwaka 1894, na virusi vyake vina upana usiozidi sehemu chache za mia za maikromita. Hadubini yangu haiwezi kuviona hata nikiisafisha mwaka mzima.

"Kwa hiyo ni mdudu au si mdudu?"

Nikamwambia kwamba nje ya mmea havili, havipumui, havikui wala kujongea. Ndani ya muhogo vinazaliana kwa kutumia viungo vya muhogo. Wataalamu wenyewe wanabishana. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akapewa hadithi.

"Na nikikata vipando kwenye mti huu?"

"Vitaota na ugonjwa wao. Vingine nzi weupe watakuletea kutoka kwa jirani."

"Jirani ni wewe."

Kweli, muhogo wangu nao ulikuwa na mabaka. Alikwenda kwa afisa ugani akapata vipando vya mbegu safi, akapanda mstari mmoja, na pembeni yake, kwa ubishi, akapanda mstari wa vipando vyake mwenyewe. Majani mapya ya mstari wa pili yalitoka yamejikunja na kuwa na mabaka. Aling'oa wote, akachoma, kisha akavuka ua kuja kuniuliza ni lini nang'oa wa kwangu.